Nyuzi za Kasiterite na Kura za Ordinatere

Katika Kivu ya Kusini kila mtu anajua kasiterite, lile jiwe jeusi na zito linalochimbwa pande za Shabunda na Walungu. Ni oksidi ya bati: kwa kila atomu moja ya bati, mbili za oksijeni. Wachache wanajua ya kuwa oksidi hiyo huweza kuoteshwa nyuzi, nyembamba mara elfu hivi kupita unywele. Gesi ikigusa uzi wa namna hiyo, umeme wake hubadilika. Kwa hiyo unafaa kutambua gesi mbaya hewani.

Uzi unaotaje? Mwaka 1964 Wagner na Ellis wa Marekani walieleza njia moja, wakitumia silisi. Tone la zahabu iliyoyeyuka humeza mvuke. Likishiba hutoa kigumu chini yake, na uzi hupanda ukiwa na tone kichwani kama kofia. Oksidi nyingi huota hivyo. Nyingine huota kwa mvuke tu, pasipo zahabu.

Kuzifuata atomu kwa jicho ni kazi ngumu, basi ordinatere inazihesabu. Ingeweza kuhesabu kila msukumo wa kila atomu, lakini kwa hesabu hiyo inafikia kipande kidogo mno cha sekunde, na uzi unataka dakika nyingi. Kwa sababu hiyo hutumiwa njia ya Monte Carlo, iliyotangazwa na Metropolis na Ulam mwaka 1949. Atomu ikitua, itashika, itatembea, au itaruka tena? Ordinatere inapiga kura, kama Mitume juu ya Matia, ila kura hizi hazina uzito sawa: joto na atomu za jirani ndizo zinazoupima. Ubavuni atomu hazishiki vizuri, huhamia nchani. Ndiyo maana unatokea uzi, si donge. Hesabu isipolingana na uzi wa tanuru, ndiyo inayorekebishwa.

Tumesikia vijana wakisema: kama ni kura, Muumba ana kazi gani? Hapo katekista asijibu ya kwamba Mungu anasukuma kila atomu kwa kidole. Mtakatifu Tomaso, katika Summa contra Gentiles, kitabu cha 3, sura ya 74, anafundisha kwamba maongozi ya Mungu hayaondoi bahati. Na kura zetu zenyewe zinafuata sheria ambayo ordinatere haikuitunga, wala fundi wake.