Abiria Asiyeshuka

Njooni karibu, na mwenye simu aiweke chini. Leo ni habari ya matatu ndogo kuliko zote mlizowahi kupanda pale Jogoo Road. Zinapita ndani yenu sasa hivi. Jina lake ni hemoglobini, na chembe moja tu nyekundu ya damu hubeba zaidi ya milioni 200. Kila matatu ina viti vinne. Inapakia oksijeni kwenye mapafu, inaishusha miguuni, kichwani, kila mahali, halafu inarudi stendi.

Viti hivyo ni vya chuma, kile kile kilichomo kwenye maini, omena na ndengu. Mama mjamzito anahitaji chuma kingi, maana damu yake inaongezeka, na mtoto aliye tumboni naye anaunda yake. Chuma kikipungua, matatu zinakuwa chache. Akipimwa hemoglobini ikaonekana iko chini ya gramu 11 kwa desilita, nesi atamwambia ana upungufu wa damu. Ndiyo maana ngazi zinamchosha na kichwa kinamzunguka.

Sasa twende nyumba moja hapa Makadara. Sisemi kama ni Kaloleni au Jericho, mtaanza kukisia ni kwa nani. Ni chumba kimoja, pazia katikati, na nyuma ya pazia mama amelala, mimba ya miezi sita. Baba ametoka kazini Indaa, yaani Industrial Area. Amepitia kioskini akanunua sigara moja, ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza moja moja. Anasimama dirishani, anapuliza moshi nje, na anajiona amemjali mkewe.

Haya, mwangalieni mkono. Kati ya mvuto mmoja na mwingine, sigara inafuka yenyewe pale kwenye ncha, na moshi huo haujui njia ya dirishani. Huo ndio mwingi katika moshi unaobaki chumbani. Ndani yake mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mmeisikia, ila si kwa jina hilo: ndiyo inayoua watu wakilala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, baridi ya Julai inapobana.

Gesi hii inapanda matatu kama abiria mwingine yeyote, lakini haishuki upesi. Inashikilia kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hata mama akitoka akapunga hewa safi, huchukua kama saa nne au tano kabla ya nusu yake kuondoka. Kwa mtoto tumboni inakawia zaidi.

Moshi wa sigara moja hauna gesi nyingi kama wa jiko, hilo nakubali. Tena upungufu wa damu wenyewe huletwa zaidi na ukosefu wa chuma, malaria na minyoo. Lakini mwenye matatu chache ndiye anayeumizwa na kila kiti kinachokaliwa bure, na baba anawasha nyingine kabla ile ya kwanza haijatoka kwenye damu ya mama.

Kliniki ya serikali humpa mama tembe za chuma na asidi ya foliki bila malipo, ameze kila siku. Asizimeze na chai. Najua, chai ya maziwa ni tamu, lakini chai huzuia chuma kuingia mwilini. Chungwa husaidia kukiingiza. Na choo kikiwa cheusi, msishtuke wala msicheke. Ni chuma hicho.

Tembe zinaongeza matatu, hazimtoi yule abiria. Hapo ni kazi ya baba. Sheria inamzuia kuvuta ndani ya matatu ya kweli, lakini haigongi mlango wa chumba chake. Basi mtoto wa nyumba hiyo aseme kwa adabu: “Baba, nesi amesema mama ana damu kidogo. Tafadhali uvutie kule nje, mbali na mlango.” Akijibu kwamba angependa kuacha kabisa ila imemshinda, mpeni simu apige 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Ni bure, hata bila kredo.