Vumbi kidogo laweza kuharibu jino la bandia

MTU anayewekewa taji la jino huiona kazi ya daktari pekee. Haioni ile ya fundi wa maabara, ambaye uzembe wake wa dakika moja waweza kumwachia mgonjwa jino lenye madoa.

Taji ni kofia ngumu inayofunika jino lililovunjika au kuoza. Siku hizi mataji mengi hutengenezwa kwa zirkonia, kauri nyeupe itokanayo na madini ya zirkoni. Madini hayo si mageni Pwani. Shehena ya kwanza ya madini ya Kwale ilisafirishwa kutoka gati la Likoni Februari 2014, na hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, zirkoni ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo kampuni ya Base Titanium iliuza ng’ambo kupitia Mombasa. Duniani, sehemu kubwa ya madini hayo hutumiwa katika vigae na kauri nyinginezo. Kiasi kidogo tu huishia kinywani.

Zirkonia ya meno huja maabarani ikiwa bamba lililochomwa kiasi tu, laini kama chaki. Mashine inayoongozwa na kompyuta huchonga taji kutoka kwa bamba hilo, likiwa kubwa kuliko linavyohitajika. Baadaye huchomwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,500 za Selsiasi, ambamo vipimo vyake hupungua kwa takriban asilimia 20 na likawa gumu mno.

Rangi hutiwa kabla ya kuchoma. Haikai juu kama rangi ya ukutani, bali hufyonzwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Vumbi la kuchongea likiachwa, huviziba vitundu hivyo, na rangi ikaingia hapa ikakosa pale. Tanurini, vumbi hilo hugandamana na taji. Likiwa upande wa ndani, taji haliketi sawasawa juu ya jino. Kufikia hapo mara nyingi hapana budi kuchonga jingine.

Kwa hivyo fundi hupangusa taji kwa brashi laini, kavu, iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee, akianzia ndani na katika mifereji ya juu. Kisha hulipuliza kwa hewa ya kompresa yenye nguvu kidogo, kwani kingo zake ni nyembamba na humeguka upesi.

Kwa anayefanya kazi hii Likoni, Kisauni au Changamwe, adui mwingine ni unyevu. Hewa ya Pwani imejaa mvuke, nao hugeuka maji ndani ya tangi la kompresa. Tangi lisipomwagwa maji na chujio lisipobadilishwa, hewa hiyo hurusha matone ya maji na mafuta juu ya taji. Maji huzimua rangi. Mafuta huizuia kuingia. Kupuliza kwa mdomo au kulishika taji kwa vidole vyenye jasho huleta hasara iyo hiyo. Baadhi ya watengenezaji huruhusu taji lioshwe, lakini sharti likaushwe kabisa kabla ya kutiwa rangi.

Vumbi hilo pia hudhuru mapafu, hivyo fundi huhitaji barakoa na mashine ya kulivuta.

Naye mgonjwa ana zamu yake: aombe kioo, alitazame taji kwenye mwanga wa mchana kabla ya daktari kuligandisha. Likishagandishwa, kulitoa aghalabu ni kulikata.