Mawasiliano baada ya usaili wa rezidensi

Mawasiliano baada ya usaili wa rezidensi ni barua pepe, simu, kadi na ujumbe mwingine unaopita kati ya mwanafunzi wa udaktari na hospitali iliyomsaili, tangu siku ya usaili hadi siku matokeo ya uoanishaji yanapotangazwa. Suala hili linahusu hasa Marekani, ambako nafasi nyingi za mafunzo ya ubingwa wa udaktari hazitolewi kwa barua ya ajira ya hospitali moja moja, bali kwa kulinganisha orodha za waombaji na orodha za hospitali kwa kompyuta.

Wakati huo mwombaji hujiuliza maswali mengi: je, ashukuru? Je, aseme kwamba hospitali fulani ndiyo chaguo lake la kwanza? Na hospitali ikimwandikia kwamba imempenda, aamini kiasi gani? Majibu yake yanaweza kuamua ataishi wapi na atajifunza kazi gani kwa miaka 3 hadi 7.

Rezidensi ni nini

Nchini Marekani mwanafunzi kwa kawaida husoma shahada ya kwanza kwa miaka 4, kisha chuo cha udaktari kwa miaka 4 mingine. Shahada ya udaktari peke yake haimpi ruhusa ya kutibu wagonjwa kwa kujitegemea. Ni lazima aingie rezidensi, yaani mafunzo ya kazini hospitalini ambayo hulipwa mshahara. Tiba ya familia, magonjwa ya ndani na magonjwa ya watoto huchukua miaka 3. Upasuaji wa jumla huchukua miaka 5. Upasuaji wa ubongo na neva huchukua miaka 7.

Utaratibu huu ni tofauti na ule wa Tanzania, ambako mhitimu hufanya kwanza mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, na akitaka ubingwa huomba baadaye chuoni kusomea shahada ya uzamili ya tiba.

Historia

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 hospitali za Marekani zilishindana kuwapata wanafunzi wa udaktari. Kila moja ilijitahidi kutangulia nyingine, hata kufikia miaka ya 1940 wanafunzi wengine waliahidiwa nafasi karibu miaka 2 kabla ya kuhitimu. Mwaka 1945 vyuo vilikubaliana kutotoa taarifa za wanafunzi kabla ya tarehe maalumu. Hapo likazuka tatizo jingine: hospitali zilianza kumpa mwanafunzi muda mfupi mno wa kujibu. Mwanzoni zilimpa siku kadhaa, lakini kufikia mwaka 1949 hata saa 12 zilionekana kuwa nyingi. Mwanafunzi alilazimika kukubali hospitali ya kwanza iliyompigia simu, huku akiwa bado anasubiri jibu la ile aliyoipenda zaidi.

Ili kumaliza vurugu hiyo, uoanishaji wa kitaifa ulianzishwa na kutumika rasmi mwaka 1952. Utaratibu uliopendekezwa awali ulipingwa na wanafunzi, kwa sababu ungeweza kumwadhibu mtu kwa kutaja kwanza hospitali aliyoipenda kweli. Ukabadilishwa kabla ya kuanza kutumika. Chombo kinachousimamia leo huitwa National Resident Matching Program, kwa kifupi NRMP.

Mwaka 1962 wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley walichapisha makala juu ya namna ya kuoanisha makundi mawili kwa njia iliyo thabiti. Mwaka 1984 mwanauchumi Alvin Roth alionyesha kwamba hospitali za Marekani zilikuwa zikitumia njia ya aina hiyo tangu miaka ya 1950. Katika miaka ya 1990 Roth na Elliott Peranson waliunda upya algoriti hiyo ili ianze na matakwa ya waombaji badala ya yale ya hospitali. Algoriti mpya ilitumika kwanza mwaka 1998. Roth na Shapley walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Kalenda ya mwaka

Maombi hufikishwa kwa hospitali mwishoni mwa Septemba. Usaili hufanyika hasa kati ya Oktoba na Januari. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mwombaji na programu ya mafunzo, kila mmoja kwa siri, huwasilisha orodha yake ya vipaumbele. Katika wiki ya tatu ya Machi, siku ya Jumatatu mwombaji huambiwa kama amepata nafasi au la. Siku ya Ijumaa hujulishwa ni wapi. Mwaka 2024 uoanishaji huo ulikuwa na nafasi zaidi ya 41,000.

Mawasiliano yanayozungumziwa hapa hutokea zaidi kati ya usaili na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha orodha. Baada ya tarehe hiyo orodha haibadilishwi tena, hivyo barua yoyote haina athari kwa matokeo.

Algoriti inavyofanya kazi

Bila kuelewa algoriti ni vigumu kujua barua ina uzito gani. Kompyuta humchukua mwombaji na kujaribu kumweka katika programu ya kwanza kwenye orodha yake. Programu hiyo ikiwa imemworodhesha na ina nafasi, huwekwa hapo kwa muda. Nafasi zikiwa zimejaa, hulinganishwa na waliokwisha kuwekwa: ikiwa programu inampenda kuliko mmoja wao, huingia na yule wa chini hutolewa. Aliyetolewa, au aliyekataliwa, hujaribiwa katika chaguo lake linalofuata. Kazi hii huendelea mpaka hakuna wa kuhamishwa tena.

Tuchukue mfano. Mwombaji anaipenda programu A kuliko B. Baada ya usaili, B inamwandikia kwamba imempenda sana. A iko kimya. Kwa hofu anaweka B ya kwanza na A ya pili. Ikiwa A ilikuwa imempanga vizuri, angeipata; sasa amejinyima mwenyewe. Na kama angeiweka A kwanza na ikamkataa, angejaribiwa B kwa nguvu ileile kana kwamba B ilikuwa chaguo lake la kwanza. Kutanguliza A kusingempotezea chochote.

Kwa sababu hiyo ushauri wa kawaida ni mmoja: mwombaji apange orodha kwa jinsi anavyopenda kweli, si kwa jinsi anavyodhani kwamba anapendwa. Wanandoa au wapenzi wanaounganisha orodha zao ili wapate nafasi katika mji mmoja wana hesabu ngumu zaidi, lakini kwao pia ushauri huo ndio unaotolewa.

Aina za mawasiliano

Barua ya shukrani hutumwa siku chache baada ya usaili kwa waliomsaili mwombaji. Huwa fupi na hutaja jambo moja walilozungumza. Programu nyingi huwaambia waombaji siku ya usaili kwamba barua hizo hazihitajiki na hazihesabiwi.

Barua ya kuonyesha nia husema kwamba mwombaji ameipenda programu na ataipanga juu. Haisemi kwamba ni ya kwanza.

Barua ya chaguo la kwanza husema wazi kwamba mwombaji ataiweka programu hiyo namba 1. Kwa maana yake yenyewe, barua hii inaweza kutumwa kwa programu moja tu.

Barua ya taarifa mpya hueleza jambo lililotokea baada ya maombi, kama vile utafiti uliochapishwa, matokeo ya mtihani au tuzo.

Maswali ya kawaida, kwa mfano kuhusu likizo ya uzazi, zamu za usiku au viza, huruhusiwa wakati wote.

Kwa upande wa programu kuna ujumbe wa kumsifu mwombaji, ambao wanafunzi wa Marekani huuita kwa utani "barua ya mapenzi".

Kanuni

Washiriki wote hutia saini makubaliano na NRMP. Kwa mujibu wa kanuni zake:

- Programu hairuhusiwi kumtaka mwombaji aseme ataipanga namba ngapi.
- Programu hairuhusiwi kumtaka ataje programu nyingine alizoomba, fani zake wala mahali zilipo.
- Programu hairuhusiwi kumlazimisha kufanya ziara ya pili wala kumtaka aandike barua baada ya usaili.
- Mkuu wa programu hatakiwi kutuma ujumbe usio wa kweli kwa lengo la kushawishi orodha ya mwombaji.
- Mwombaji au programu anaweza kusema kwa hiari yake kwamba anapendezwa na mwenzake.

Kwa Waswahili ahadi ni deni. Katika mfumo huu, ahadi iliyotolewa kwa simu au kwa barua pepe haidaiki: kinachofunga ni orodha iliyowasilishwa tu. Matokeo yakishatoka, pande zote mbili hufungwa nayo. Mwombaji anatakiwa kuanza mafunzo pale alipooanishwa na kubaki kwa angalau siku 45, isipokuwa NRMP imemruhusu kuondoka. Anayevunja makubaliano anaweza kuzuiwa kushiriki katika uoanishaji wa miaka inayofuata.

Kusoma maneno ya programu

Ugumu mkubwa uko katika lugha. Sentensi kama "ungefaa sana hapa kwetu" ni ya heshima, lakini haisemi lolote kuhusu orodha. "Tutakupanga juu" inasema zaidi, ila "juu" haina kipimo. Programu yenye nafasi 8 inaweza kuorodhesha waombaji 100. Aliye wa 25 anaweza kuhesabiwa kuwa yuko juu, na bado akakosa nafasi.

Kauli yenye uzito zaidi ni kwamba mwombaji yumo ndani ya idadi ya nafasi zilizopo, yaani yuko kati ya 8 wa kwanza katika programu ya nafasi 8. Kauli hiyo ikiwa ya kweli, mwombaji anayeiweka programu hiyo namba 1 ataipata. Lakini hana njia ya kuithibitisha, kwa kuwa orodha ni siri.

Tafiti zilizowahoji waliopitia mchakato huu zimeonyesha kwamba wapo waliobadilisha orodha zao kwa sababu ya maneno ya programu, na wapo walioamini kwamba wamehakikishiwa nafasi, wakaipanga programu namba 1, kisha wakapelekwa kwingine. Kwa mtu wa namna hiyo Ijumaa ya matokeo huwa chungu, ingawa kanuni haikuvunjwa kwa lazima: maneno aliyoyasoma kuwa ahadi huenda yalikuwa adabu tu.

Kimya nacho hakina maana maalumu. Programu nyingi zimejiwekea sera ya kutomwandikia mwombaji yeyote baada ya usaili, ili wote watendewe sawa. Programu iliyokaa kimya inaweza kuwa ndiyo iliyompanga wa kwanza.

Kwa nini mawasiliano yanaendelea

Kama orodha ya kweli ndiyo bora kwa mwombaji, mtu anaweza kuuliza kwa nini barua zinaandikwa. Sababu mojawapo ni kwamba programu ni binadamu. Mkuu wa programu anayepanga waombaji wawili wanaolingana anaweza kumtanguliza yule aliyesema kwamba anataka kuja. Pia programu hupenda kujaza nafasi bila kushuka mbali kwenye orodha yake, jambo ambalo baadhi yake huliona kuwa suala la heshima, na nafasi zinazobaki wazi hulazimu kutafuta watu kwa haraka katika wiki ya matokeo. Kwa upande wao, wanafunzi huogopa kuwa peke yao wasioandika wakati wenzao wote wanaandika.

Hapo ndipo hoja ya haki inapoingia. Wanaopinga mawasiliano haya husema yanampendelea mwenye mshauri mzoefu au mwenye uwezo wa kugharimia ziara ya pili, na kwamba yanamfundisha daktari kijana kusema yasiyo kweli mwanzoni mwa kazi inayotegemea kuaminiwa. Wanaoyatetea husema kuonyesha nia kwa ukweli hakuna ubaya. Wote wanakubaliana kwamba kuziambia programu mbili "wewe ni wa kwanza" ni udanganyifu.

Waombaji kutoka nje

Wahitimu wa vyuo vya nje ya Marekani na Kanada, wakiwemo wa Afrika Mashariki, huingia katika uoanishaji baada ya kufaulu mitihani inayotakiwa na kupata cheti cha ECFMG. Tangu mwaka 2020, kutokana na janga la UVIKO-19, usaili mwingi umekuwa ukifanyika kwa video. Jambo hilo limepunguza gharama ya safari, lakini mwombaji aliye mbali huipanga hospitali ambayo huenda hajawahi kuiona.

Kwake kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kuuchukua uungwana wa barua ya Kimarekani kuwa hakikisho. Wa pili ni kuandika mara kwa mara kwa kudhani kwamba kunyamaza ni utovu wa adabu. Kuuliza iwapo programu inadhamini viza, na ya aina gani, ni swali halali, na jibu lake lina uzito zaidi kuliko sifa.

Mabadiliko ya karibuni

Ili kupunguza uzito wa barua, fani nyingi zimeanza kutumia ishara za upendeleo: mwombaji hupewa idadi ndogo ya ishara na kuzituma pamoja na maombi, kabla ya usaili, kwa programu anazozitaka zaidi. Upasuaji wa masikio, pua na koo ulikuwa wa kwanza, katika msimu wa 2020–2021. Kwa kuwa idadi ya ishara ina kikomo, mwombaji hawezi kuwaambia wote kwamba anawapenda.

Tazama pia

- Alvin Roth
- Lloyd Shapley
- Algoriti
- Daktari