Baba aliiua Liverpool Anfield, mtoto akatokea kwenye PlayStation

JANUARI 14, 1984. Liverpool ipo nyumbani Anfield, inacheza na Wolves inayoburuza mkia. Hakuna aliyeipa Wolves nafasi, lakini jamaa mmoja anayeitwa Steve Mardenborough anatupia bao pekee na mchezo unaisha 1-0. Liverpool hiyohiyo ilimaliza msimu ikiwa na ubingwa wa ligi, Kombe la Ligi na Kombe la Ulaya. Wolves ikashuka daraja.

Miaka 27 baadaye jina la Mardenborough likarudi tena kwenye kurasa za michezo, safari hii bila mpira. Mwanaye Jann, kijana wa miaka 19 aliyekulia Cardiff, Wales, alishinda GT Academy ya mwaka 2011, mashindano ya Nissan na PlayStation yaliyokuwa yakisaka madereva kupitia gemu ya Gran Turismo. Aliwaacha nyuma washiriki 90,000. Zawadi haikuwa kombe la kuweka sebuleni. Alipewa nafasi ya kuendesha gari la mashindano, la kweli kabisa.

Upande wa pili yupo John W. Henry, bosi wa kundi la Fenway lililoinunua Liverpool Oktoba 2010. Mashabiki wengi wa Wekundu hao wanamjua kwa usajili na kwa kuwabania makocha pesa. Wachache wanajua kuwa mwaka 2004 tajiri huyo na mtaalamu wa gemu Dave Kaemmer walianzisha kampuni ya iRacing, na gemu yao ikaingia sokoni 2008. Haichezwi kwenye PlayStation wala Xbox. Ni ya kompyuta tu.

Hapo ndipo ulipo ubishi. Mtoto wa aliyeiua Liverpool katokea kwenye konsoli, bosi wa Liverpool kaweka pesa kwenye kompyuta. Gemu ipi inaendesha gari kama gari?

KWENYE SOKA MAMBO NI TOFAUTI

Mzee wa FIFA na PES hawezi kuuelewa ubishi huu haraka. Kwenye gemu za soka, kompyuta imewahi kuonewa sana. FIFA 22 ilipokuja na teknolojia mpya ya HyperMotion, iliyofanya wachezaji wakimbie na kugombea mpira kama watu wa kweli, waliofaidi ni wenye PlayStation 5 na Xbox mpya. Wa kompyuta walipewa toleo la kizamani na wakasubiri hadi FIFA 23.

Kwenye magari, meza imepinduka. Wanaotaka uhalisia wa mwisho huwa wanakimbilia kompyuta, na sababu kubwa ni kitu kimoja cheusi cha mviringo.

TAIRI NDIYO KILA KITU

Gari linaigusa barabara kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja hivi. Mwendo wote, breki zote na kona zote zinapita hapo. Dereva akikanyaga breki, uzito unahamia mbele, tairi za mbele zinashika zaidi na za nyuma zinabaki nyepesi. Akikata usukani wakati huohuo, mkia unaweza kumpita. Akiingia kona na mwendo mkubwa kupita kiasi, pua inakataa kugeuka na gari linaenda moja kwa moja nje.

Gemu ya kweli inatakiwa kupiga hesabu hizo zote. Tairi limepata joto kiasi gani? Upepo wake ukoje? Kashata zimeisha? Springi na shokapu zimebonyea kiasi gani? iRacing inafanya hesabu zake mara 360 kwa sekunde moja. Assetto Corsa, gemu ya Waitaliano wa Kunos Simulazioni iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2014, inafanya mara 333.

Kingine ni barabara yenyewe. iRacing ilijijengea jina kwa kupeleka mashine za leza kwenye viwanja vya mbio na kupima kila tuta na kila kiraka cha lami. Ni sawa na gemu ya soka ikuwekee hadi sehemu ya uwanja ambayo mpira ukidunda unabadili njia. Siku hizi gemu nyingi za konsoli nazo zinatumia viwanja vilivyopimwa hivyohivyo.

KONSOLI SIO KINYONGE

Konsoli ina mzigo ambao kompyuta haina. Mashine ni ileile kwa kila mtu, haiongezwi nguvu, na gemu lazima ikimbie bila kukwama. Halafu wengi wanacheza kwa pedi, kidole gumba ndio usukani. Ukiwapa gari lenye tabia kamili za gari la mashindano, wataishia ukutani kila kona. Ndiyo maana watengenezaji wanaweka misaada ya breki na usukani inayofanya kazi kimyakimya.

Lakini hiyo haina maana kwamba konsoli ni za watoto. Gran Turismo ya kwanza ilitoka Japan Desemba 1997, ikiongozwa na Kazunori Yamauchi, na iliuza zaidi ya nakala milioni 10. Ndiyo iliyowafundisha watoto wa mitaani duniani kote kwamba gari la kuvutwa na tairi za mbele halikati kona kama la kuvutwa na za nyuma. Ukizima misaada na kuunganisha usukani wenye pedali, Gran Turismo 7 ya mwaka 2022 inakubana vilevile.

Na ukuta kati ya pande hizi mbili unazidi kubomoka. Assetto Corsa ilihamia kwenye konsoli 2016. Mdogo wake, Assetto Corsa Competizione, alifuata njia hiyo 2020. EA Sports WRC ya mwaka 2023, yenye vumbi na mawe ya Safari Rally ya Kenya, ipo PlayStation 5, ipo Xbox, ipo kompyuta. Mwenye kompyuta anabaki na faida ya kuongeza vifaa: skrini tatu, pedali nzito, kiti kinachotikisika, pamoja na magari na viwanja vilivyotengenezwa na wachezaji wenzake. Lakini mwenye konsoli na usukani mzuri atamsumbua sana mwenye kompyuta anayecheza kwa kibodi.

MATOKEO YAPO UWANJANI

Kama uhalisia unapimwa kwa madereva waliotoka, pande zote zina mabao. Konsoli ina Lucas Ordóñez wa Hispania, mshindi wa kwanza wa GT Academy mwaka 2008, aliyemaliza wa pili daraja la LMP2 kwenye Saa 24 za Le Mans 2011. Mwaka 2013 Ordóñez na Mardenborough walikaa gari moja Le Mans na wakamaliza wa tatu kwenye daraja hilo. Mwaka 2014 Mardenborough akashinda mbio za GP3 pale Hockenheim, Ujerumani.

Kompyuta ina William Byron wa Marekani, aliyeanzia iRacing kabla ya kugusa gari la kweli la mashindano. Huyo kabeba Daytona 500 mara mbili mfululizo, 2024 na 2025. Na yupo Max Verstappen. Mei 2024, wikiendi ileile aliyoshinda mbio za Formula 1 pale Imola, alikuwa anapokezana usukani na wenzake wa Team Redline kwenye Saa 24 za Nürburgring za iRacing. Wakashinda pia. Dereva aliyewahi kuwa bingwa wa dunia hana shida ya kuigiza kuendesha gari. Anaenda huko kwa sababu anapata kitu.

KITUFE CHA KUANZA UPYA

Kipo kitu ambacho gemu zote mbili zimeshindwa kukiweka. Machi 2015, Nürburgring ya kweli, Mardenborough alikuwa kwenye Nissan GT-R. Alipofika sehemu inayoitwa Flugplatz, ambako barabara inapanda na kushuka ghafla, pua ya gari ilinyanyuka. Hewa ikaingia chini, gari likaruka juu na kuvuka uzio hadi walipokuwa watazamaji. Mtu mmoja alifariki. Dereva alipelekwa hospitali na akatoka salama kimwili. Waandaaji wakaweka kikomo cha kasi kwenye baadhi ya maeneo ya uwanja huo kwa msimu ule.

Kwenye konsoli au kompyuta, ajali kama ile inaisha kwa kubonyeza kitufe. Gari linarudi jipya, tairi mpya, hakuna aliyeumia. Hesabu 360 kwa sekunde zinaweza kukuambia tairi litaachia lini. Haziwezi kukupa tumbo la baridi la mtu anayejua kwamba likiachia, kuna watu nyuma ya uzio.

Mardenborough alirudi barabarani. Miezi michache tu baadaye alikuwa Le Mans akiendesha gari la Nissan la daraja la juu kabisa, LMP1, kisha akaenda kushindana Japan. Filamu ya maisha yake ikatoka 2023.

Kwa hiyo kijiweni ubishi uishe hivi: kwa undani wa tairi na barabara, kompyuta inaongoza, lakini kwa bao moja, siyo matano. Konsoli ndiyo iliyofungua mlango, kwa sababu ipo sebuleni kwa watu ambao baba zao hawakuwa na pesa za kuwanunulia gari la mashindano. Mwanasoka wa Wolves hakuwa nazo. Mtoto wake alikuwa na pedi.