Chachu ya Nyumbani na Vyombo Vyake

Tonto, pombe ya ndizi ya Buganda, kwa desturi huchachushwa ndani ya mtumbwi wa mti. Ndizi za mbidde hukamuliwa kwa nyasi, juisi yake ikachanganywa na unga wa mtama, ikafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa siku mbili au tatu. Hakuna anayetia hamira ya dukani. Chachu hutoka katika mtama na katika mbao za mtumbwi uliokwisha kutumika mara nyingi; mtumbwi wenyewe ndio kitalu.

Mpangaji wa chumba kimoja huko Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba jijini Kampala, hana mahali pa kuweka mtumbwi. Hutumia ndoo ya plastiki, na ndoo ikisuguliwa vema haibaki na chachu. Ndiyo maana humfaa kuikuza kando.

Chachu ni kiumbe hai kisichoonekana kwa macho. Ikipata sukari na hewa tele huzaana kwa wingi. Ikinyimwa hewa hushughulika zaidi na kugeuza sukari kuwa kileo na gesi. Kwa hiyo chombo cha kukuzia hakifungwi kama cha kuchachushia. Mtungi wa kioo wenye mdomo mpana watosha. Juisi iliyozimuliwa kwa maji huchemshwa robo saa, ikaachwa ipoe hadi isiunguze mkono, maana joto kali huua chachu. Kisha hutiwa vijiko vichache vya mashapo ya pombe njema, mdomo ukafunikwa kwa kitambaa safi cha pamba, na mtungi ukatikiswa kila apitapo mtu. Baada ya siku moja au mbili utando mweupe kama maziwa hutuama chini. Ukinuka siki au kuota ukungu, mwaga.

Wenye ujuzi wa ufundi hubandika sumaku mbili juu ya feni ya kompyuta iliyotupwa, wakaiendesha kwa chaja ya volti 12, nayo ikazungusha kijiti cha sumaku ndani ya mtungi. Ni werevu wa kupendeza, ingawa mkono hufanya kazi hiyo hiyo bila umeme.

Ndoo ya kuchachushia hufunikwa, lakini iachiwe mpira mwembamba wa kutolea gesi, ncha yake ikizama katika maji. Chombo kilichozibwa kabisa hupasuka.

Jambo linalowahusu zaidi ninyi wa mipakani ni madumu. Dumu lililobeba dawa ya kuulia wadudu au kemikali ya kiwandani halioshwi likawa salama, hata likinunuliwa kwa bei ya chini. Mwaka 2010, wilayani Kabale, jirani na Rwanda, makumi ya watu walikufa kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Sumu ile haikutoka katika chachu: ilimiminwa na binadamu ili kinywaji kiwe kikali. Anayeona macho yakififia baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja, wala asingoje kulevuka.

Tena, kuchachusha si kugema kwa moto. Waragi inayouzwa Kabale huitwa kanyanga ng'ambo ya pili, na Rwanda huihesabu pamoja na dawa za kulevya. Mwenye kuvuka na chupa moja ya zawadi hushtakiwa kwa sheria ya upande alioingia.