Gredi ya 4 si P.4: mtoto akihamia shule ya ng'ambo ya mpaka, atakuta nini?

Kutoka Busia ya Kenya hadi Busia ya Uganda ni mwendo mfupi kwa miguu. Lakini mtoto akihama shule kuvuka mpaka huo, au ule wa Malaba kuelekea Tororo, anaingia mtaala mwingine kabisa. Kabla hujamwandikisha, jua anachoenda kusoma.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo wengi hukwama. Uganda, P.1 hadi P.3 hufundishwa kwa lugha ya eneo: Lusamia kwa upande wa Busia, Dhopadhola au Ateso kwa upande wa Tororo. Mahali penye watoto wa lugha nyingi, kama mjini, hutumika Kiingereza. P.4 ni mwaka wa kuhama, na kuanzia P.5 kila kitu ni Kiingereza. Katika madarasa hayo ya chini masomo hupangwa kwa mada, kwa mfano nyumba yetu, afya, hali ya hewa na usafiri. Kwa hiyo mtoto akirudi na daftari limejaa michoro ya malori na bodaboda, usidhani alikuwa anacheza.

Juu ya hapo masomo ya mtihani wa PLE ni manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Mafunzo ya Jamii pamoja na Dini. Kila somo hupewa alama 1 hadi 9, kisha hujumlishwa. 4 ndiyo bora kuliko zote. Kiswahili hakimo, ingawa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima shuleni.

Kenya, Kiswahili kinatahiniwa. Gredi ya 4 hadi ya 6 husoma pia Kilimo na Sanaa Bunifu. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Sasa kuna KPSEA mwisho wa Gredi ya 6. Haimzuii mtoto kuingia Gredi ya 7, lakini inachangia asilimia 20 ya matokeo yake ya Gredi ya 9. Anayetoka Uganda na kuanzia Gredi ya 7 hana alama hiyo, basi muulize mwalimu mkuu mapema itakuwaje.

Mafunzo ya Jamii hufanana kuliko unavyodhani. P.4 husoma wilaya yao, P.5 Uganda, P.6 Afrika Mashariki. Gredi ya 4 husoma kaunti yao, ya 5 Kenya, ya 6 Afrika Mashariki. Kinachobadilika ni majina ya mito na viongozi.

Kuhamahama huku si jambo jipya. Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walivukia Busia na Malaba, wakapokewa Mulanda wilayani Tororo kabla ya wengi kupelekwa Kiryandongo. Watoto waliozoea shule ya msingi ya miaka 8 walikuta ya Uganda inaishia P.7.

Kwa mtoto kutoka Congo, aliyesoma kwa Kifaransa, kosa linalouma ni kurudishwa madarasa mawili au matatu kwa sababu ya Kiingereza peke yake. Mwombe mwalimu ampime kwa hesabu za namba tupu, zisizo na maelezo ya maneno. Akizipata, anachokosa ni lugha, na anaweza kuongezewa masomo ya Kiingereza bila kushushwa sana. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi, kwa hiyo uliza bila woga.

Beba ripoti za shule, hata zilizochakaa, cheti cha kuzaliwa kama kipo, na daftari za mwaka uliopita. Kama mtoto anaingia P.7, usingoje muhula wa pili: PLE hufanywa karibu na Novemba, lakini usajili wake hufungwa miezi mingi kabla.