Basi la Umeme na Mtoto wa Maskini

Nchini Marekani mabasi ya manjano ya shule ni karibu 480,000. Kila siku ya masomo hubeba watoto zaidi ya milioni 20, na sehemu kubwa ya mabasi hayo huendeshwa kwa dizeli. Fundi anaweza kuyageuza yawe ya umeme. Lililo gumu zaidi ni kuamua watoto wa nani watangulie.

Moshi na Mapafu

Injini ya dizeli hushindilia hewa mpaka ipate joto kali, kisha mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Katika kuungua huko hutoka gesi za oksaidi za nitrojeni na chembe za masizi zilizo ndogo mno, ziwezazo kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi huo miongoni mwa vitu visababishavyo ugonjwa huo. Mtoto hudhurika zaidi ya mtu mzima, kwa kuwa mapafu yake yangali yakikua, na kwa kadiri ya uzito wake huvuta hewa nyingi zaidi. Aidha, moshi wa basi huweza kuingia ndani ya basi lenyewe.

Mota ya umeme haitoi moshi. Tena kazi ya basi la shule inaifaa sana betri: njia yake hujulikana, masafa yake ni mafupi, na kati ya asubuhi na alasiri basi husimama, likapata muda wa kuchajiwa. Mwaka 2024 mji wa Oakland, katika jimbo la California, ulipata mabasi 74 ya umeme kwa shule zake za umma, nayo yakiwa yamepumzika huweza kurudisha umeme katika gridi.

Nani Atangulie?

Bei ya basi la umeme ni karibu mara tatu ya bei ya basi la dizeli. Mafuta na matengenezo yanayookolewa hurudisha sehemu ya gharama hiyo, lakini polepole, ilhali muuzaji hudai fedha mwanzoni. Wilaya yenye uwezo hununua. Wilaya fukara hubaki na mabasi makuukuu, ingawa watoto wake ndio mara nyingi wakaao kando ya barabara kuu na viwanda.

Kwa sababu hiyo, sheria ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka 5. Katika awamu ya mwaka 2022, wilaya za kipato cha chini, za mashambani na za wenyeji wa asili ziliweza kupata hadi dola 375,000 kwa basi kubwa la umeme. Nyingine hadi dola 250,000. Waombaji walichaguliwa kwa kura ya bahati, ili wilaya isiyo na mwandishi hodari wa maombi isishindwe kwa sababu hiyo.

Sharti jingine lilikuwa kuviharibu kabisa vyombo vya dizeli vya mwaka 2010 au vya kabla yake. Mabasi mengi yaliyochoka Marekani huuzwa Guatemala, yakaendelea kubeba abiria huko. Kumwondolea mtoto mmoja moshi kwa kumpelekea mwingine si kuusafisha ulimwengu.